Tulsi Niliyomficha Daktari

Mwanangu Zuhura,

Salamu tumeshapeana asubuhi juu ya chai, kwa hiyo nazivuka. Navuka pia habari za koti, za kuzima jiko na za kula mboga. Hayo utajifunza mwenyewe huko Leicester, ukishaumwa tumbo mara mbili. Saa hizi umekwenda kwa msusi, na kichwa chako nakijua, saa nne hazitoshi. Mimi nimekaa jikoni, mlango nimeufunga kwa ufunguo utadhani nimekuja kuiba ndani ya nyumba yangu mwenyewe, kwa sababu nikisubiri urudi nikuambie kwa mdomo, sitakuambia. Najijua. Nimeshapita miaka hamsini, lakini haya niliyokuwa nayo nikiwa msichana wa miaka kumi na sita ningali nayo yote, haijapungua hata chembe.

Nimeosha mikono sijui mara ngapi tangu nilipokishika kile kikaratasi chako, na bado naona kama vidole vinanata.

Unakijua ninachokisema. Lile boksi lililokuja Jumamosi ukaliweka chini ya ngazi, mimi nilidhani ni vitabu. Jana nikalifungua nikupangie. Nikakuta vikaratasi vya Matone ya Tulsi, dawa ya kampuni yako mpya ya huko Leicester, mamia kwa mamia, kila kimoja na jani la kijani lenye tone la umande. Nikasoma: zawadi ya asili kwa sukari, presha na moyo. Nikasoma: haina kemikali. Hapo nilicheka peke yangu. Haina kemikali, na aliyeandika ni mwanakemia! Jani gani hilo lisilo na kemikali, la plastiki? Hata la plastiki lina kemikali.

Halafu nikasoma mstari wa chini. Salama kutumiwa pamoja na dawa zako zote za hospitali. Na chini yake jina lako kamili, na digrii yako.

Nikaenda kwenye sinki nikatapika. Sitii chumvi. Chai yote ilitoka.

Jioni nilikuuliza, ukaniambia, "Mama, hiyo ni lugha ya biashara tu."

"Na hii ya dawa zote za hospitali?"

Ukageukia friji, ukaifungua, ukaifunga bila kutoa kitu. "Niliandika kwamba mtu amwambie daktari wake kwanza. Bosi akaifuta. Alisema inatisha wateja."

"Na wewe ukasemaje?"

"Walikuwepo watu, mama. Niliona haya."

Ulinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yako, na mimi nimekutafsiria humu. Safari hii sijapunguza kitu.

Wewe ulidhani nimenyamaza kwa sababu nimeridhika. Nilinyamaza kwa sababu lile neno lako, niliona haya, nililisikia kwa sauti yangu mwenyewe. Kinyaa nilichokipata kwenye sinki kilikuwa cha kikaratasi. Kile cha jioni kilikuwa changu mimi.

Sasa sikiliza habari ya babu yako, ambaye wewe unamjua kwa picha tu, yule mwenye kofia na tabasamu la kubana.

Baba alikuwa mpima karafuu huko Unguja, kwenye maghala. Kazi yake ilikuwa pua. Anachota konzi, ananusa, anatafuna moja, anasema hii imeanikwa vizuri, hii imeshika ukungu, hii imechanganywa na vikonyo. Hakukosea. Baada ya Mapinduzi wenzake wengi waliondoka, yeye akakaa na karafuu zake miaka na miaka, mpaka alipochoka naye akaondoka. Tulifika London mimi nikiwa na miaka kumi na miwili. Hapa hakuna aliyehitaji pua yake. Akapata kazi ya kufua mashuka ya hoteli, na katika miaka minne Kiingereza chake kilikuwa "gudi moningi" na "sori".

Mimi nilikuwa nimesoma Kiswahili kule mpaka darasa la sita, na hapa nikatiwa kwenye Kiingereza. Nikawa mdomo wa nyumba. Barua ya gesi, Rahma. Mwalimu anaita, Rahma. Hospitali, Rahma. Mtu mwenye haya kuliko wote ndani ya nyumba ndiye aliyepewa kuongea kwa niaba ya wote. Nilikuwa nikiingia ofisi yoyote masikio yananiwaka moto.

Moyo wa baba ukaanza kupiga bila mpangilio. Akapewa warfarini, vidonge vya kuzuia damu isigande. Wewe unazijua dawa hizi: zikipungua damu inaganda mahali pasipofaa, zikizidi mtu anavuja. Kwa hiyo kila wiki mbili alitolewa damu, namba ikaandikwa katika kijitabu cha manjano, na kipimo cha dawa kikapandishwa au kikashushwa.

Tulikuwa tunakaa Kenton, hapa London, wakati ule. Jirani yetu alikuwa Bi Kokila, Mhindi, mzaliwa wa mjini Unguja, Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko chetu. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na kibanda cha kioo kimejaa tulsi, ile rihani yao takatifu, jamaa ya kivumbasi. Tulsi kwake haikuwa mboga. Aliiogea kabla ya kuigusa, akaisemesha, akaiomba ruhusa ndipo akachuma. Basi baba akashikwa na kikohozi kisichoisha, na Bi Kokila akamletea majani kwenye sahani.

"Matatu tu, mzee. Meza kwa maji. Usitafune. Tulsi haitafunwi."

"Bi Kokila, mie nimetafuna karafuu miaka ishirini. Jani hili ndilo litakalonishinda?"

"Si kukushinda. Ni adabu."

"Basi nitalitafuna kwa adabu."

Akalitafuna. Nakumbuka alivyosimama, akafumba macho, pua ikafanya kazi yake ya zamani. Akasema, "Lo! Hii karafuu imejificha ndani ya jani!"

Na hakukosea. Miaka mingi baadaye wewe ulikaa mezani hapa hapa, mwaka wako wa kwanza chuoni, ukanieleza kuwa mafuta yanayonukia katika karafuu na katika tulsi ni yale yale, yujenoli. Ukaniambia mmea hauyatengenezi kwa ajili yetu wala kikohozi chetu, unajikinga na wadudu. Ukaniambia ndiyo yanayotia ganzi jino. Ukaniambia ukichemsha majani, mafuta mengi yanaondoka na mvuke, nyumba nzima inanukia na kikombe kinabaki na kidogo, lakini ukiyakamua kwa spiriti ukayafanya matone, hilo tena si jani, ni kitu kingine chenye nguvu nyingine. Na hakuna mimea miwili iliyo sawa, jua lake, udongo wake, siku ya kuchumwa. Nilikuwa nakusikiliza mdomo wazi, nafurahi. Nilikuwa na binti anayejua kwa nini.

Halafu ukasema, kama mtu anayetaja basi lililopita, kwamba majani mabichi yana vitamini K, nayo husaidia damu kuganda. Nikainuka nikajifanya natafuta sukari. Chai yangu ilikuwa na sukari tayari.

Kwa sababu baba hakuishia majani matatu. Kikohozi kilipotulia aliona amepata hazina. Matatu yakawa konzi, konzi ikawa mfuko. Bi Kokila alipanda nyingi kiangazi kile na mkono wake haukuwa mzito, na hakujua zinaliwaje. Mama, yaani bibi yako, alichemsha sufuria asubuhi na sufuria jioni. Baba anakunywa yale maji ya kijani-nyeusi, kisha anachota machicha kwa mkono anayala, kama mtu anayekula mchicha. Meno yakawa ya kijani. Alikuwa na kopo la maziwa la kutemea, liko kando ya kiti chake, na uso wa lile kopo ulikuwa na povu.

Nilimwonea kinyaa baba yangu. Nimeliandika, limeandikika. Mapazia yalinuka, godoro langu lilinuka, sweta la shule lilinuka. Msichana mmoja darasani aliniuliza mbele ya wenzake, "Rahma, wewe unalala kwa daktari wa meno?" Wakacheka mpaka kengele. Baada ya siku hiyo nikipanda basi na baba nilikaa kiti cha nyuma yake, na akigeuka kunisemesha, naangalia dirishani.

Sasa hapo ndipo tulipokwenda kliniki.

Daktari alikuwa kijana, nywele nyekundu, macho ya mtu asiyelala. Alikuwa na kijitabu cha manjano mkononi na hakukielewa. Kila akiongeza dawa, damu inazidi kuwa nzito. Alikuwa ameshaongeza mara tatu. Akaweka kalamu, akanitazama mimi, akauliza taratibu: Baba yako anatumia kitu kingine chochote? Majani, miti shamba, chai ya kwao, kitu alichopewa na jirani?

Nataka ulijue hili, Zuhura. Aliuliza. Aliuliza sawasawa kabisa. Hakuharakisha wala hakudharau.

Nikamwuliza baba kwa Kiswahili. Baba akakaa wima. Katika nchi hii kwa mara ya kwanza mtu mwenye koti jeupe alikuwa anamwuliza kitu anachokijua. Akaanza: "Mwambie daktari, asubuhi na jioni, tulsi, jani bichi, mie nalitafuna..." Akaendelea, mikono inachora sufuria hewani, inachora kibanda cha Bi Kokila. Alizungumza dakika mbili nzima. Na kila alipofungua mdomo naona kijani kwenye meno, na harufu imejaa chumba, na daktari anasubiri kalamu juu ya karatasi, na mimi masikio yananiwaka.

Alipomaliza nikasema kwa Kiingereza, "Anasema hapana. Anakunywa chai tu."

Daktari akainua nyusi. "Maneno yote hayo ni hapana tu?"

"Anapenda kuzungumza," nikasema.

Akacheka. Na mimi nikacheka. Na baba, alipotuona tunacheka, naye akacheka, akaniambia, "Umeona? Amependa!"

Dawa ikaongezwa mara ya nne.

Wiki chache baadaye ikaanguka baridi ya ghafla, na tulsi zote za Bi Kokila zikawa nyeusi. Alikuja kutuambia anafuta machozi, kama amefiwa. Majani yakakatika siku hiyo hiyo. Dawa haikukatika. Vidonge vilivyokuwa vimeongezwa kupambana na kitu asichokijua daktari vikabaki peke yao ndani ya baba, na siku ya kupima damu ilikuwa bado.

Kwanza ilikuwa pua, damu kidogo kwenye leso. Halafu nikaingia msalani baada yake, nikakuta kinyesi cheusi kama lami, kinanata, harufu yake sijawahi kuisikia tena na sitaki. Nikafunga pua, nikavuta maji, nikatoka. Sikumwambia mtu. Nilisema moyoni, haya ndiyo majani yake, uchafu wake. Siku ya tatu akaanguka mlangoni. Hospitali alikaa usiku mmoja na mchana mmoja.

Hakuna aliyethibitisha. Utaniambia, mama, mtu mmoja si ushahidi, na moyo wenyewe ulikuwa mbovu. Ni kweli. Huenda ingetokea vile vile. Kitu ninachokijua ni kwamba palikuwa na mtu mmoja katika chumba kile aliyekuwa na elimu ya kuona jambo, na mtu mmoja aliyekuwa na habari, na katikati yao nilikuwa mimi.

Na bado hujasikia linalonichukiza zaidi.

Msibani wanawake walimwuliza mama ilikuwaje. Mama akajipiga kifua: "Tuliwaambia! Mwanangu huyu hapa aliwaambia kila kitu kwa Kiingereza chao, walijua analokula, na bado wakamzidishia sumu yao mpaka wakamuua!" Wanawake wote wakanigeukia. Waliniangalia kwa huruma, na wengine kwa fahari, binti mdogo anayezungumza na madaktari. Nikainamisha kichwa. Wakadhani ni msiba. Mmoja akanipa kipande cha mkate.

Nikakila.

Wewe unajua mengine bila kujua yametoka wapi. Unajua bibi yako hamezi vidonge vyake vya presha. Unajua anavitia kwenye chungu cha maua huku anamwambia muuguzi "thenkyu, thenkyu", na wewe na mimi tumecheka juu ya lile ua lenye presha nzuri kuliko watu wote wa mtaani kwake Thornton Heath. Unamsikia baada ya sala anavyomwapiza yule daktari, macho yake yasione watoto wake. Mimi nimekaa kando yake kwenye mkeka, miaka yote hii, namsikia anamwapiza mtu asiye na kosa, na nikisikia aapizavyo nasema amina. Kwa sauti. Nisingesema, angeniuliza kwa nini.

Sikuambii usiende Leicester. Umeitafuta kazi hii mwaka mzima na nimekuona ukilia juu ya barua za kukataliwa. Wala sina ugomvi na tulsi. Bi Kokila alimpa baba majani matatu na kikohozi kilipona, na yeye mwenyewe aliishi mpaka uzee mkubwa anameza yake kila asubuhi. Ninachokiona mimi ni mzee fulani katika duka fulani, na pembeni yake msichana wa miaka kumi na sita aliyeletwa amsomee. Mzee anauliza, mwanangu, naweza kunywa hii na vidonge vyangu? Na yule msichana si kama mimi. Ni mkweli. Anakisoma kikaratasi chako, anamtafsiria neno kwa neno, hapunguzi kitu. Na bado uongo unafika.

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba kesho uzungumze na bosi wako kabla vikaratasi havijapelekwa madukani. Nikaikata sentensi hiyo, unaona wino. Nikajiuliza, mimi nimezungumza na nani?

Nikaiacha kalamu nikampigia simu bibi yako.

"Rahma? Mbona sauti yako kama umemeza kokoto? Mtoto ameshafunga mizigo?"

"Ameshafunga, mama. Mama, zima televisheni."

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Zima."

Akazima. Nikamwambia. Sikumwambia vizuri, nilianza mwisho nikarudi mwanzo, nikalia katikati, lakini nilimwambia yote: swali la daktari, jibu langu, kicheko, na kile nilichokiona msalani. 

"Mama?"

"Nipo."

"Mama, nisamehe."

"Ngoja kwanza." Nikamsikia anakaa, kile kiti chake cha mbao kinalia. "Alizungumza dakika mbili, umesema. Alisema nini? Nataka yote."

Nikamtafsiria baba yangu, Zuhura, Kiswahili kwa Kiswahili, kwa mara ya kwanza. Nikamwambia baba alisema: mwambie daktari, asubuhi na jioni, jani bichi, nalitafuna na machicha nayala. Mwambie nalipata kwa Bi Kokila, mama mmoja wa kwetu. Mwambie anayenichemshia ni mke wangu, hapiki maji ya mtu bila kuyaonja yeye kwanza, kwa hiyo daktari asiwe na wasiwasi. Mwambie daktari mwenyewe akitaka, tutamletea sufuria moja, naye anaonekana hapati usingizi.

Bibi yako alitoa sauti ambayo sijui niiandike vipi. Si kilio.

"Kwa hiyo nilimchemshia mie," akasema.

"Hapana, mama. Ni mimi niliyemwambia daktari..."

"Nyamaza, Rahma. Na yule daktari wa watu nimemwapiza miaka yote hii!" Akavuta pumzi. "Na wewe ukisema amina."

"Ndiyo."

"Sitaki kusikia sauti yako leo."

Akakata.

Nimejaribu tena mara mbili, hapokei. Kwa hiyo nakwenda. Kutoka hapa Rayners Lane mpaka kwake ni kuvuka London yote na kubadilisha treni, na sijui kama nikifika atanifungulia au nitasimama barazani mbele ya majirani. Nitasimama. Akifungua, nitamwambia tena, na safari hii nitaanza mwanzo. Na kama atakubali, kesho nitakwenda naye kwa daktari wake wa presha, nikae kimya kando, wamlete mkalimani mwingine.

Pengine sitakuwepo ukirudi, na pengine sitakuwepo treni yako ikiondoka. Boksi lako sijalitupa, liko pale pale chini ya ngazi, na jina lililo juu ya vikaratasi vile ni lako, si langu kulichana. Nimekwambia nililonalo. Nilikuwa nalo tangu kabla hujazaliwa.

Mlango nimeufungua, Zuhura. Koti nimeshavaa.

Mama yako,
Rahma